Vazi la usiku rasmi limetoka sandukuni vibaya: tafuta chanzo kabla ya dawa

Nilipiga pasi kwenye meli ya kitalii kwa miaka saba, chini kabisa, kwenye sitaha ambako abiria hawafiki. Siku yenye usiku rasmi, yaani usiku ambao abiria huvaa nguo rasmi kwenye chakula cha jioni, tuliitambua kwa mlio wa vitoroli. Ikifika saa nne asubuhi vimeshashuka vimejaa makoti meusi, magauni ya hariri na mashati meupe ya tuksido, ile suti ya jioni ya wanaume, kila vazi na namba ya chumba chake, na ombi ni moja: lirudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Siku hizi nina duka la udobi Mombasa, na wateja wanaosafiri kwa meli za kitalii huniletea nguo zao kabla hazijaingia sandukuni. Kwa hiyo nimeziona zikiondoka na nimeziona zikifika. Nguo nyingi nilizopokea kule chini hazikuharibiwa na bahari wala na wapagazi. Zilipakiwa mbichi.

Neno mbichi nalitumia kama sisi madobi tunavyolitumia: nguo ambayo mkono unaiona kavu, lakini ndani ya nyuzi zake bado mna mvuke wa pasi, au jasho, au unyevu wa hewa ya pwani. Fikiria upindo wa suruali unavyotengenezwa. Unatia maji, unatia joto, unakandamiza, kisha unaacha ipoe. Kunyanzi la sandukuni hutengenezwa vivyo hivyo. Nguo iliyotoka kwenye pasi dakika kumi zilizopita nyuzi zake bado ni laini na zina joto. Ukiikunja wakati huo na kuilaza chini ya kilo 15 za viatu na mataulo, umeipiga pasi mara ya pili, na sanduku ndilo pasi yenyewe.

Maji, joto, uzito, kupoa. Ukiwa na vazi mkononi lililoharibika, jiulize ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi. Dawa yake mara nyingi ni vitu hivyohivyo, ukiondoa uzito.

Jua kitambaa kwanza

Lebo ya ndani ikiwepo, isome. Isipokuwepo, kama ilivyo kwa nguo nyingi za mafundi wetu, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa cha akiba ndani ya mshono, uushike kwa kibano juu ya sahani, uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba, kitani au viskosi, kile kitambaa laini cha nyuzi za mbao zilizosindikwa. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni poliesta au nailoni. Fanya hivyo nyumbani. Melini moto chumbani ni marufuku, na marufuku hiyo ni ya haki, kwa sababu baharini hakuna pa kukimbilia.

Usiiruke hatua hii. Dawa inayoponya sufu huua viskosi.

“Kuna mstari mmoja mrefu, umenyooka kama rula”

Chanzo: ukunjo mkali wenye uzito juu yake. Vazi lilikunjwa mara mbili bila kitu katikati, likalala chini ya vitu vizito.

Likiwa la sufu, tulia. Sufu ina kumbukumbu ya umbo lake. Litundike bafuni, mbali na matone, fungulia maji ya moto, funga mlango kwa dakika 15 hadi 20. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, litoe na ulitundike chumbani usiku kucha. Likitoka bafuni lina maji na joto. Ukilivaa palepale ukaketi mezani kwa saa mbili, uzito wa mwili wako utalichora kunyanzi jipya magotini na mgongoni, na hilo litakuwa baya kuliko la sandukuni. Fanya kazi hii siku moja kabla.

Poliesta nyembamba, ile shifoni ya magauni mengi ya jioni, huitika kwa mvuke kidogo tu, na mara nyingi kutundikwa peke yake kunatosha. Ndiyo maana mtu akiniuliza kitambaa gani cha kushonea gauni la safari humtajia hicho bila aibu, hata kama hariri ina heshima zaidi.

Hariri usiinyunyizie maji. Tone likikauka huacha duara, na duara hilo halitoki kwa pasi. Igeuze ndani nje, weka kitambaa cha pamba juu yake, pasi iwe ya joto la chini. Krepu ya viskosi ni hatari zaidi: ikilowa hujikunyata, na nimeona pindo la gauni likipanda vidole vinne upande mmoja kwa sababu mwenyewe alilinyunyizia maji kutoka kwenye kichupa. Hiyo ipeleke kwa dobi wa meli na umweleze ni kitambaa gani.

Kitani na pamba havina kumbukumbu. Mvuke wa bafuni utakupotezea muda. Vinahitaji pasi ya moto na unyevu, basi. Tafeta, kile kitambaa kikavu kinachochakarika, nayo ikishika mstari huwa haiuachii kabisa, kwa hiyo tafeta haikunjwi tangu mwanzo. Huviringishwa juu ya taulo kama mkeka.

Kwa safari ijayo, kila mahali utakapokunja weka kitu cha mviringo: karatasi laini za kufungia zawadi zilizofinyangwa, soksi mbili zilizoviringishwa, hata kanga. Nguo haikatai kupinda, inakataa kuvunjwa. Na viatu vikae upande wa magurudumu, kwani sanduku likisimama huko ndiko uzito unakoshukia.

“Ni vikunyanzi vingi vidogo, havina mpangilio”

Huu ni ugonjwa mwingine kabisa na chanzo chake ni kinyume: sanduku lilikuwa na nafasi nyingi mno. Vazi lilikuwa likiteleza na kujisugua kila mtu aliposogeza mzigo, kuanzia uwanja wa ndege hadi gatini. Jaza nafasi. Au tandaza nguo mbili pamoja, mkono juu ya mkono, ukazikunja kwa pamoja ili moja iwe mto wa mwenziwe.

Mfuko wa nailoni unaorudi nao kutoka kwa dobi husaidia sana hapa, kwa sababu nguo huteleza ndani yake badala ya kusuguana. Lakini nailoni hiyohiyo ikikaa wiki tatu kabatini huzuia nguo kupumua. Kwa hiyo iwepo njiani na itolewe siku ya kufika. Wengi huiacha, na nitaeleza chini inachofanya.

“Kuna sehemu inang'aa kama imepakwa mafuta”

Sanduku halina kosa. Hiyo ni pasi iliyogusa sufu nyeusi bila kitambaa katikati. Tia mvuke, piga brashi laini kinyume cha nyuzi, na inaweza kupungua. Ikiwa ni poliesta imeyeyuka, haina dawa.

“Bahameli ina vipara”

Bahameli ni nywele zilizosimama. Zikilazwa kwa uzito kwa siku nne huamini kwamba zilizaliwa zimelala. Usiiguse kwa pasi hata kidogo. Mvuke upitie upande wa ndani, na kwa mkono mwingine upige brashi laini upande wa juu, kinyume na zilivyolala. Rudia mara tatu au nne, kwa subira, na uiache ikauke ikiwa imetundikwa.

Kuipakia, geuza ndani nje na uviringishe kwa ulegevu, iwe juu kabisa ya sanduku. Kwa maoni yangu bahameli si nguo ya kupitia ikweta. Safari ya kutoka Southampton mwezi wa Januari kwenda Cape Town huanza kwenye baridi ya kutetemesha, na baada ya wiki moja hivi mko kwenye joto la kitropiki. Bahameli itakuwa mzigo kuanzia hapo.

“Gauni la shanga limerefuka”

Mwenye gauni huja akidhani kiatu chake ni kifupi. La. Shanga ni kioo, na kioo kina uzito. Gauni lililojaa shanga linaweza kufika kilo 3 na kupita. Likitundikwa kwenye henga kwa wiki nyingi, mabega hubeba uzito wote na kitambaa hushuka polepole. Nguo zilizokatwa kwa mshazari na zilizofumwa hufanya vivyo hivyo. Kwenye safari ya wiki moja hutaliona. Kwenye safari ya siku 100 utaona pindo linafagia sakafu.

Lilaze. Melini kabati ni nyembamba na jaketi za kuokolea maisha mara nyingi zimo humohumo, lakini vitanda vingi vina nafasi chini yake ambayo sanduku huingia. Sanduku hilo tupu ndilo kabati la nguo za shanga: tandika shuka, laza gauni likiwa ndani nje, funika. Kama limeshashuka, lilaze siku mbili. Litarudi kiasi, si lote, na kilichobaki kipandishwe kwa sindano.

Sindano na uzi ni mzigo mdogo. Chukua uzi mweusi, mweupe, na wa rangi ya kila gauni.

“Gauni la atlasi lina mikwaruzo, na halikuguswa na mtu”

Liliguswa na jirani yake. Meli huyumba, na henga zote huyumba nayo. Kwenye Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania, wakati wa baridi kabati huwa kama bembea usiku kucha. Gauni lenye vile visahani vidogo vinavyometameta likining'inia karibu na atlasi au hariri litaichana uzi mmoja mmoja hadi asubuhi. Nililetewa mavazi ya namna hii mara nyingi sana, na kila mara baada ya usiku wa mawimbi makubwa.

Nyuzi zilizochomoka zisikatwe. Zivute ndani kwa sindano, zitokee upande wa pili. Kisha panga upya: vinavyometameta vigeuzwe ndani nje, atlasi iwekwe kati ya suti mbili za sufu, na henga zote zifungwe pamoja shingoni kwa utepe ili ziyumbe kama kitu kimoja. Nafasi ikikosekana, kwenye meli nyingi kuta za chumba ni za chuma na ndoano za sumaku hushika vizuri. Zichukue zenye nguvu, nne au tano.

“Linanuka uvundo” na “Kuna vidoa vya kijivu”

Watu wa pwani hili tunalijua tangu utotoni, tumeona kabati la bibi wakati wa masika. Ukungu huota hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na kuzidi kwa siku kadhaa, mahali penye giza na pasipo upepo. Sanduku lililofungwa ni mahali hapo hasa.

Vyanzo ni vinne, nami huvitafuta kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni vazi lililopakiwa likiwa na joto la pasi. Kipimo chake: uvundo uko sawa vazi zima, hata bitana. Kinga: likitoka kwenye pasi litundikwe usiku mmoja, na kama ni koti lenye mabega ya pedi, usiku mbili, maana pedi huficha maji.

Cha pili ni jasho la kuvaa mara ya mwisho. Uvundo uko kwapani na kwenye ukosi tu. Vazi halikusafishwa, lilipuliziwa marashi likarudishwa kabatini. Dawa hapa ni kulisafisha. Kuongeza marashi ni kuongeza tatizo.

Cha tatu ni hewa yenyewe. Anayefunga sanduku Mombasa au Unguja mchana wa kaskazi anafungia humo hewa nzito yenye maji. Sanduku likipanda ndege likapoa, maji yale hutafuta pa kukaa, na yanakaa kwenye nguo. Pakia kwenye chumba chenye kiyoyozi ukikipata, au asubuhi mapema jua kabla halijapamba moto, na utie vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Vipya, vilivyofungwa vizuri. Vilivyokaa wazi miezi vimeshashiba maji.

Cha nne ni nailoni iliyoachwa juu ya nguo kabatini, pamoja na mlango wa roshani kuachwa wazi. Chumba cha meli kina kiyoyozi, kuta na nguo ni baridi. Ukifungua mlango ukiwa karibu na Zanzibar au Mauritius, hewa ya moto huingia na kuacha unyevu wake juu ya kila kilicho baridi. Inakuja na chumvi pia, na chumvi huvuta maji. Nguo iliyoanikwa roshanini haikauki sawasawa hata iachwe siku nzima, mbali na kwamba meli nyingi haziruhusu kuanika huko kwa hofu ya kupeperuka.

Vidoa vya kijivu vikishaonekana, peleka vazi hewani kwanza, upige brashi kavu, ndipo udobi. Ukiloweka kabla ya kupiga brashi unasambaza ukungu kwenye kitambaa kizima.

Neno moja kuhusu udi, kwa sababu wateja wangu wengi hawafungi sanduku bila kufukiza, nami pia sifungi. Fukiza siku mbili kabla, si usiku wa kuondoka, kisha utundike nguo penye upepo. Moshi ni chembe ndogo, na hariri nyeupe iliyofukizwa na kufungiwa papo hapo hutoka na wekundu wa chai. Chetezo chenyewe kibaki nyumbani, melini hakiwashwi. Karafuu ni rafiki wa kabati, ila zitiwe kwenye kifuko cha kitambaa kizito, maana mafuta yake hutia doa. Vidonge vyeupe vya naftalini sivishauri: jirani yako mezani atakula harufu ile pamoja nawe.

“Nililipakia safi, limetoka na madoa ya kahawia”

Ulilipakia likionekana safi. Soda nyeupe, maji ya madafu, divai nyeupe na juisi ya ndimu havionekani vikikauka. Sukari yake hubaki ndani ya nyuzi, na baada ya wiki kadhaa, au chini ya pasi ya moto, hugeuka kahawia kama sukari kwenye sufuria. Umanjano wa kwapa wa shati jeupe una chanzo cha karibu na hicho: jasho likichanganyika na chumvi za alumini zilizo kwenye dawa ya kuzuia jasho.

Tazama nguo kwenye mwanga wa jua kutoka ubavuni kabla ya kuipeleka kwa dobi, na umwonyeshe palipomwagika kitu hata kama hapaonekani. Usafishaji wa kemikali huondoa mafuta vizuri, sukari hauigusi. Sukari ni kazi ya maji. Dobi asiyeambiwa hatajua. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kupiga pasi gauni la rangi ya maziwa nikaliona doa linachomoza mbele ya macho yangu, na mwenye gauni akaamini nimeliunguza.

“Koti la tuksido limepoteza mabega”

Lilikunjwa kama shati. Mabega ya koti ni jengo, yana pedi na turubai ndani, na ukosi wake unatakiwa kuviringika, si kulala bapa.

Shika koti, geuza bega la kushoto ndani nje, bitana ije juu. Chukua bega la kulia lilivyo na uliingize ndani ya la kushoto, likae kama kikombe ndani ya kikombe. Sasa bitana yote iko nje na uso wa koti umejificha. Jaza soksi mabegani, kunja mara moja tu juu ya karatasi laini. Lililokwisha kubonyea litibiwe kwa mvuke wa bafuni, likiwa kwenye henga pana ya mbao. Henga ya waya haifai. Huongeza kibonyeo kingine.

Jina tuksido limetoka Tuxedo Park, karibu na New York, ambako mwishoni mwa karne ya 19 wanaume walianza kulivaa koti hili fupi mahali pa lile refu lenye mikia. Mpakiaji anapaswa kushukuru, kwani mikia ile ni kazi zaidi kuipakia.

Mashati ya tuksido mengi hayana vifungo mbele, yana matundu tu. Vifungo vyake vya kuchomeka, vya kifuani na vya mikononi, pamoja na tai ya kipepeo, vikae kifuko kimoja kwenye mkoba wa mkononi. Kila usiku rasmi wa kwanza kuna mwanamume anayepiga simu mapokezi kuvitafuta.

Kanzu, joho na zari

Meli nyingi hukubali vazi rasmi la kitaifa usiku wa rasmi, ila soma masharti ya meli yako. Kanzu nzuri ya pamba yenye koti juu yake inaheshimika mahali popote, lakini kumbuka pamba haina kumbukumbu: iviringishe, na ukubali kwamba itapigwa pasi. Kofia ya kushonwa kwa mkono ijazwe vitambaa ndani na iwekwe ndani ya chombo kigumu. Ikibonyea hainyooki mpaka ifuliwe na kutiwa wanga upya, na hilo usimwachie dobi asiyeijua.

Zari ya joho ikigeuka nyeusi, chanzo ni hewa chafu, marashi, au raba. Naam, raba: ile mikanda ya mpira watu wanayofungia vifurushi. Funga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, na marashi yapakwe mwilini kabla ya kuvaa.

“Soli imebanduka nikicheza dansi”

Kiatu kilikuwa kipya, kilikaa kwenye boksi miaka mitano kikisubiri sherehe. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani, na plastiki hiyo huoza kwa unyevu na joto hata bila kuvaliwa. Siku ukiikanyaga inasagika kama mkate mkavu. Gundi haisaidii kwa sababu hakuna kigumu cha kushika. Wiki mbili kabla, pinda soli kwa mikono, kisha kivae saa nzima nyumbani. Kikitoa unga, tafuta kingine.

Viatu vya ngozi inayong'aa visigusane, kwani kwenye joto hunatana na rangi huhama. Vifunge kila kimoja kwa kitambaa cheupe. Gazeti lisitumike, wino wake huhamia.

“Halifungi”

Angalia zipu kwanza. Ikigoma huku kitambaa kimelegea, paka nta ya mshumaa au sabuni kavu kwenye meno yake. Kama kitambaa kimevutika, basi ni mwili, na baada ya wiki mbili za chakula cha meli ni jambo la kutarajiwa. Mwambie fundi kabla ya safari aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, sentimita 2 kila upande, au ashone kamba za kukaza mgongoni badala ya zipu. Suruali ya tuksido yenye vibanio vya kiunoni ni bora kuliko ya mkanda.

“Sanduku limezidi kilo 23 za ndege”

Umepakia vazi kwa kila usiku. Ukikadiria usiku rasmi 2 kwa wiki, siku 100 zina kama usiku 28, na hakuna anayehitaji magauni 28. Matatu yanatosha, na mitandio tofauti. Mwanamume koti 1, suruali 2, mashati 4. Kinachoamua ni udobi: meli za Cunard, kama Queen Mary 2, zina vyumba vya abiria kufulia na kupiga pasi bila malipo, za Royal Caribbean hazina, utategemea dobi wa meli. Ulizia kabla hujanunua tiketi. Kumbuka pia kwamba pasi na kifaa cha mvuke cha mkononi huzuiliwa kwenye ukaguzi gatini kwenye meli nyingi, kwa hiyo usiviweke kwenye mpango wako.

“Sanduku halijafika chumbani”

Mizigo hukabidhiwa gatini na hufika chumbani baada ya saa kadhaa, pengine baada ya chakula cha jioni. Usiku wa kwanza huwa si rasmi, lakini hata huo unataka nguo ya heshima. Iwe kwenye begi la mkononi.

Begi hilohilo litakufaa usiku wa mwisho. Masanduku hutolewa mlangoni jioni ile kabla ya kushuka, na ukiwa bado umevaa rasmi, vazi lako halitawahi kuingia humo. Usilivue ukalikunja palepale likiwa na joto la mwili. Litundike mpaka alfajiri, mlango wa kabati ukiwa wazi, ndipo uliviringishe kwenye begi. Ukifika nyumbani, litoe kabla ya kitu kingine chochote.